Mwanastaji si mwalimu wa bure

Butembo, Kivu ya Kaskazini. Saa moja na nusu asubuhi, parade imekwisha, na watoto wa mwaka wa pili primeri wanaingia darasani wakisukumana. Mbele yao amesimama msichana wa miaka 19, ndani ya sare ya bluu na nyeupe, fishi ya matayarisho mkononi. Yeye pia ni mwanafunzi, wa mwaka wa nne wa pedagojia, na hii ni siku yake ya pili ya staji. Mwalimu mwenye darasa alimpa chaki pale mlangoni, akamwambia "jikaze, dada", kisha akashika njia. Shule nzima inajua anakokwenda: ana meza yake ya makala sokoni.

Watoto ni 94. Ndani ya rejista wanaonekana 61 tu. Wengine ni watoto wa deplase waliokuja na wazazi wao kutoka upande wa Kanyabayonga na Kirumba, tangu vita vifike huko mwisho wa Juni 2024. Majina yao yako kwenye karatasi moja ya pembeni, imekunjwa katikati ya rejista. Wanakaa benchi za nyuma, wanne au watano kwa benchi moja, wengine chini.

Somo lilikuwa hesabu ya kuondoa. Msichana huyo alinunua kikombe cha maharagwe kwa pesa yake, akagawa kumi kumi kwa kila benchi, watoto wahesabu kwa mikono. Somo lilikwenda vizuri. Wakati wa kukusanya, maharagwe yalikuwa yamepunguka sana. Aliona watoto wawili wa nyuma wakiyaweka mfukoni. Akanyamaza. Jioni aliporudi nyumbani alikuwa bado anajiuliza kama angewakemea, kama angewaita pembeni, au kama alifanya vizuri kuwaacha. Hakukuwa na mtu mzima mwingine darasani, basi hakuna wa kumwuliza.

Mwalimu wa miaka kumi na tano ya kazi anajua la kufanya siku kama hiyo. Anajua mtoto gani alilala bila kula, anajua namna ya kuongea naye bila kumwaibisha mbele ya wenzake. Mambo hayo hayako katika kaye ya pedagojia. Mtu anayapata kwa kukaa nyuma ya darasa na kumtazama mwenye kazi akifanya. Ndiyo maana staji iliwekwa.

Na kila aliyepita pedagojia anajua namna inavyotakiwa kwenda. Kwanza mwanastaji anahudhuria masomo, anaangalia, anaandika. Kisha anatayarisha fishi yake: marudio, kuamsha hamu, kutangaza somo, uchambuzi, muhtasari, mazoezi. Mwenye darasa anaisoma, anaisahihisha, anaitia sahihi. Somo linatolewa mwenye darasa akiwa ndani, amekaa na biki yake, na mwisho anamwambia kijana waziwazi: hapa ulienda haraka, hapa uliuliza maswali kwa watoto wa mbele tu, hapa uliandika vibaya ubaoni. Hayo maneno ya dakika kumi baada ya somo ndiyo shule yenyewe. Siku hizi, katika shule nyingi, yamekufa. Fishi zinatiwa sahihi ishirini kwa mara moja siku ya Ijumaa, na pointi zinatolewa kwa mtu ambaye hakuonekana akifundisha.

Jambo hili ni zito zaidi hapa Kongo kwa sababu baada ya staji hakuna ngazi nyingine. Kijana akipata diploma ya serkali katika pedagojia, yule anayeitwa D6, anaweza kupewa darasa la primeri mwanzo wa mwaka unaofuata, kama kuna nafasi. Siku atakapofunga mlango na kubaki na watoto, alichopata kwenye staji ndicho alicho nacho.

Wakurugenzi wanapoulizwa wanajibu kwamba hawana la kufanya. Katiba ya 2006, kifungu cha 43, ilisema elimu ya msingi ni ya lazima na ya bure katika shule za serkali; utekelezaji ulianza mwaka wa masomo wa 2019. Watoto walimiminika, jambo la kufurahisha kabisa. Lakini walimu wengi walibaki bila mshahara, wale wanaoitwa NU na NP, majina ambayo kila familia ya mwalimu inayajua kama jina la ugonjwa. Zamani prime ya wazazi ndiyo iliwashikilia. Prime ikakatazwa, mshahara haukufika. Kisha vita vikaleta watoto wengine mamia. Mwalimu wa namna hiyo, akiona kijana wa kumshikia darasa kwa mwezi mzima, anaona Mungu amemkumbuka.

Hasira yake ina haki na serkali inapaswa kuisikia. Lakini mzigo wake ameuweka wapi? Hakuupeleka Kinshasa. Ameuweka kichwani pa msichana wa miaka 19 na watoto 94, na hao wote hawana deni lolote kwake.

Wako wakurugenzi wanaokwenda mbali zaidi. Kabla ya kupokea wanastaji wanaomba karatasi, chaki, na mchango wa kupokea jury siku ya somo la mwisho, maana wakubwa hawawezi kuondoka na njaa. Kijana aliyekimbia vita yeye mwenyewe, anayelala na ndugu zake sita sebuleni kwa shangazi, anatafuta kuku wa kupikia watu wanaokuja kumpima. Halafu tunashangaa akiwa mwalimu naye anaomba kuku kwa wazazi.

Kuna mambo mawili yanayofanywa kimyakimya ambayo familia za deplase zinapaswa kuyajua. La kwanza: wanastaji wakifika, baadhi ya shule zinachukua watoto wa deplase kutoka madarasa mbalimbali, zinawakusanya ndani ya chumba kimoja au chini ya bashi, zinawapa mwanastaji. Wanaliita darasa la kusaidia. Ni neno zuri, lakini mtoto aliyepoteza miezi ya masomo njiani ndiye anayehitaji mwalimu mwenye mkono uliozoea, na ndiye anayepewa anayeanza. Staji ikiisha, darasa lile linavunjika, watoto wanarudishwa walikotoka na kaye zisizofanana na za wenzao.

La pili ni fimbo. Mtu asiye na uzoefu, peke yake mbele ya watoto karibu mia, kelele zikipanda, atatafuta kitu cha kushika. Wanastaji wengi waliingia darasani wakiwa wameapa hawatapiga mtoto, na juma la pili wanaonekana na fimbo ya mkaratusi. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya 10 Januari 2009 inataka nidhamu shuleni itolewe kwa namna inayoheshimu utu wa mtoto. Mwanastaji aliisoma sheria hiyo darasani. Hakuna aliyemwonyesha namna ya kutuliza watoto 94 bila fimbo, wakati wako walimu wazee hapa Butembo wanaofanya hivyo kila asubuhi kwa wimbo mmoja na kupiga makofi mara tatu.

Wazee wengine watasema: sisi wote tulianza hivyo, tulitupwa majini na tukajua kuogelea. Waliozama hawako hapa kusema. Waliacha kazi, au wangali darasani wanasomesha kwa kuandika ubaoni na kukaa.

Kinachoombwa hakihitaji bajeti mpya. Mwenye darasa akae ndani, na kama ana dharura, mkurugenzi aingie yeye, kwani naye ni mwalimu. Mwanastaji asipewe darasa peke yake katika juma la kwanza. Asiombwe hata boksi la chaki. Profesa wa pedagojia anayemtuma aje amtazame kabla ya siku ya jury, si siku hiyo tu na kofia yake. Majina ya watoto wa deplase yatoke kwenye karatasi ya pembeni, yaandikwe ndani ya rejista, kwani mtoto ambaye hayuko kwenye rejista ni rahisi kumhamisha kama kiti.

Na komite ya wazazi iulize. Ndani ya komite nyingi hakuna mzazi hata mmoja wa deplase. Mama mmoja kutoka Kirumba, mwenye watoto watatu katika shule hiyo, alipoambiwa aende kuuliza nani anamfundisha mtoto wake, alijibu: "Sisi ni wageni hapa, tukisema sana watatuambia turudi kwetu." Wazazi wenyeji wanaosoma maneno ya mama huyu wanaweza kumshika mkono na kwenda naye ofisini. Watoto wao wamekaa darasa moja, na mwalimu akienda sokoni anawaacha wote.

Staji ya safari hii inaisha Ijumaa. Msichana wa maharagwe atarudi shuleni kwake kujitayarisha kwa mtihani wa serkali. Jumatatu mwaka wa pili utakuwa na nani, mkurugenzi hajasema, na meza ya makala bado iko sokoni.