Mwenye Deni Hana Sauti Mkutanoni



Katika mkutano wa tawi uliopita tuliuliza swali moja tu: ni nani walio tayari kusimama pamoja ikiwa mazungumzo ya mishahara yatavunjika? Mikono iliyoinuka ilikuwa michache kuliko tulivyotazamia, na sisi tulioketi mbele tuliona haya. Mkutano ulipokwisha ndugu mmoja alitungoja nje karibu na mlango. Akatuambia kwa sauti ya chini, "Msidhani mimi ni mwoga. Nikikosa mshahara wa wiki mbili tu, nyumba yangu imevunjika. Nina deni."

Tangu siku ile tumekuwa tukilifikiri neno lake. Mtu kama huyu tajiri hana haja ya kumtisha. Deni lamtisha usiku na mchana, tena bila kulipwa mshahara. Ndiyo maana twasema deni la nyumbani si siri ya mtu na mkewe tu, ni jambo la chama. Wenzetu wa Mombasa walipoacha kazi Januari 1947, siku za Chege Kibachia, mgomo ule ulienea bandarini, katika reli, hata majumbani mwa mabwana. Walikuwa maskini kutushinda sisi. Lakini hawakuwa na mdai aliyekaa mfukoni mwao, anayelia kila baada ya siku 30.

Huyo wa mfukoni ndiye tunayetaka kumsema kwanza, maana yeye ndiye ghali kuliko wote.

Yule ndugu tulimwomba aje ofisini Jumamosi, aje na mkewe, na waje na karatasi. Alikuja. Mama alikuja na daftari la mtoto la hesabu, na ndani yake ameandika kila kitu anachokijua. Alijua deni la duka, shilingi 6,200. Alijua ada ya shule iliyobaki, 18,000, na kodi ya mwezi mmoja, 5,500. Asilolijua ni kwamba bwana alikuwa na mkopo wa sako uliobaki 48,000, na 12,000 za shemeji yake zilizokopwa wakati wa maziko, na mikopo mitatu ya simu iliyofika 14,500. Alinyamaza kitambo. Kisha na yeye akatoa lake: alikuwa na deni la 2,500 katika chama cha akina mama, ambalo bwana hakulijua. Jumla shilingi 106,700. Watu wawili wanaolala chumba kimoja, na kila mmoja alikuwa amebeba mzigo wake gizani.

Hapo hatukuwa na la kusema, tukaagiza chai.

Sasa itazameni mikopo ile ya simu. Ada iliyozoeleka ni 7.5 kwa mia kwa siku 30, na wako wanaotoza zaidi. Ukisikia saba na nusu waona ni kitu kidogo. Lakini mtu anayekopa 10,000, akalipa 10,750 siku ya mshahara, na kesho yake akakopa tena kwa sababu mshahara wote umekwisha, baada ya mwaka mmoja ametoa 9,000 za ada tupu na deni la 10,000 liko pale pale. Fedha hizo hizo akizikopa katika sako kwa moja kwa mia kwa mwezi, ikihesabiwa juu ya deni linalobaki, na akalipa kwa miezi 12, faida yote atakayotoa ni kama shilingi 650, na deni limekwisha. Elfu tisa na mia sita hamsini! Twaomba kila mwanachama aifanye hesabu hii mwenyewe, kwa mkono wake, asitusadiki sisi bure.

Ndugu yetu alikuwa akitoa shilingi 1,087 kila mwezi kama ada ya zile 14,500, wala deni halipungui hata senti. Sako yake ilimpa mkopo wa dharura wa kiasi hicho hicho, akailipa mikopo mitatu siku moja. Katika sako, malipo ya mwezi wa kwanza ni 1,353, na yanapungua kila mwezi mpaka mwaka unakwisha. Yaani kwa kuongeza shilingi 266 juu ya fedha alizokuwa akizitupa, deni lenyewe linakufa. Lakini sharti moja: zile programu za mikopo azifute katika simu siku hiyo hiyo, mbele ya mkewe. Tumewaona watu wanaolipa mkopo wa simu kwa mkopo wa sako, na wiki mbili baadaye wanayo yote miwili. Hao wamejizidishia.

Neno juu ya vitisho. Wako wanachama wanaokopa huku ili walipe kule kwa kuogopa kwamba mkopeshaji atampigia simu msimamizi wao kazini, au mama mkwe. Jueni kwamba sheria ya Benki Kuu ilirekebishwa mwisho wa 2021, na kanuni za 2022 zamkataza mkopeshaji wa simu kutumia orodha ya majina yaliyo katika simu yako ili kukuaibisha. Akifanya hivyo, hifadhi ule ujumbe uulete ofisini. Deni utalilipa, aibu huna haja ya kuinunua.

Basi, fedha za kulipa zatoka wapi? Karatasi ya mshahara ya ndugu huyu yasema 25,000. Mfuko wa uzeeni wachukua 1,500. Mchango wa afya, ambao tangu Oktoba 2024 ni 2.75 kwa mia, wachukua 687 na senti 50. Ushuru wa nyumba, 1.5 kwa mia, 375. Ondoa sako 4,500 na ada ya chama 250, zimebaki shilingi 17,687 na senti 50 kabla hajagusa unga. Mama ana meza ya viazi karai karibu na stendi, na siku nzuri hupata 250. Si kila siku ni nzuri.

Watu wengi wakisikia neno kubana matumizi, macho yao yaenda moja kwa moja kwenye sufuria. Nyama yaondolewa, maziwa ya mtoto yaondolewa, chai yanywewa kavu, na mama aambiwa ajifunge kibwebwe. Sisi twasema anzeni upande mwingine. Tulimwuliza bwana afungue mfuko wake mezani kama mama alivyofungua daftari. Chakula cha mchana kibandani ilikuwa 120 kwa siku. Akianza kubeba chakula kutoka nyumbani yaokoka kama 1,800 kwa mwezi. Kamari ya mpira katika simu, shilingi 50 kila siku, ni 1,500 kwa mwezi. (Alisema ni mchezo tu. Tulimwuliza mara ya mwisho alishinda lini, akacheka, na mkewe hakucheka.) Nauli ya jioni 40, sasa arudi kwa miguu na wenzake mpaka Mikindani, siku 26, ni 1,040. Jumla 4,340. Katika mambo ya jikoni yalipatikana 1,100 tu. Basi zaidi ya robo tatu ya akiba yote ilitoka mfukoni mwa baba, si katika sufuria ya watoto. Twajua wako wanaume watakaotukasirikia kwa kuyaandika haya. Na watukasirikie, lakini wafanye hesabu.

Za jikoni zilipatikana hivi. Mafuta ya kupima ya shilingi 20 kila jioni ni ghali kuliko lita nzima ya sokoni. Mama alivijaza vipimo katika chupa, akaona vipimo 20 ndivyo vyafanya lita. Yaani alikuwa akitoa 400 kwa mafuta ambayo siku ile Kongowea yaliuzwa 330. Maskini hununua kidogo kidogo kwa sababu fedha zamjia kidogo kidogo, na kwa hivyo maskini ndiye anayelipa bei kubwa. Hilo si kosa la mama. Dawa yake ni watu kuungana. Jirani sita wa ploti moja wamechanga wakanunua gunia la mahindi la kilo 90, wakagawana kwa gorogoro, wakasaga wenyewe. Lakini angalieni sana: mahindi yasiyokauka vema huota ukungu, na ukungu ule ni sumu. Mwaka 2004 watu 125 walikufa katika Ukambani kwa kula mahindi ya namna hiyo. Unyevu wa pwani mwaujua. Msinunue mahindi mabichi kwa sababu ni rahisi, na gunia lisikae chini sakafuni.

Televisheni kubwa iliuzwa 6,000, na king'amuzi kikaenda pamoja nayo. Kodi ikalipwa, na 500 zikaenda kwa chama cha akina mama. Watoto walinung'unika wiki nzima.

Mambo tuliyowaambia wasiyaguse ni chakula cha watoto, ile akiba ndogo ya sako, na ada ya chama. Msomaji atasema hilo la mwisho tunalisema kwa kujipendelea. Labda. Lakini shilingi 250 ndizo zinazomlipa mtu wa kuisoma karatasi yako ya mshahara na kugundua kwamba makato yamepita kiasi. Sheria ya Kazi ya 2007, kifungu cha 19, yasema makato yote pamoja yasizidi theluthi mbili za mshahara. Wako wanachama wetu wanaopeleka nyumbani chini ya theluthi moja, na karani wa mishahara huwaambia ni mkopo wao wenyewe, walitia sahihi. Sahihi yako haiwezi kuifuta sheria. Leteni karatasi hizo.

Haya yote hayawafai wote. Kibarua anayelipwa jioni kwa jioni, ambaye kesho hajui kama ataitwa, hawezi kuweka fedha za gunia, wala sako hazimpokei kwa urahisi. Mama anayelea watoto peke yake kwa mshahara mmoja hana mfuko wa baba wa kuufungua. Kwa hao hatuna la kusema juu ya kubana, wamekwisha kubanwa. Lao ni mshahara, na ni sisi tulio na kazi ya kudumu tunaopaswa kuudai kwa ajili yao pia.

Na hapa tuwe macho. Waajiri wanapenda sana mafundisho ya kuweka akiba. Mwaka huu tumekwisha kuitwa katika semina ya namna hiyo, tukapewa soda na kitabu kidogo, na juu ya mshahara hapakusemwa neno. Mchezo huu ni wa zamani. Mwaka 1954 Kamati ya Carpenter, kamati ya serikali ya kikoloni yenyewe, ilikiri kwamba mishahara ya Waafrika ilikuwa ikipimwa kwa haja za mwanamume mseja, ikasema yapasa ifike kiasi cha kulisha mtu na jamaa yake. Mpaka hapo mfanyakazi alikuwa akiambiwa hajui kutumia fedha. Basi mtu akija mezani siku ya mazungumzo akasema, mbona wafanyakazi wenu wameweza kuishi kwa kidogo mwaka huu, jibu letu liwe tayari: walibana ili walipe deni lililotokana na mshahara mdogo, wala hawakubana ili waendelee kuupokea.

Ndugu yetu yuko katika mwezi wa tano sasa. Kila mwezi duka lapata 1,000, shule 1,500 kwa mapatano na mwalimu mkuu, shemeji 1,000. Kinachobaki ni kama 580, na hicho mama hukiweka kwa ajili ya magonjwa. Mwezi uliopita mtoto aliugua kifua, akiba ile ikaenda yote, na shemeji hakupata kitu. Alipigiwa simu kabla ya tarehe, akaelezwa. Alikasirika kidogo, kisha akauliza hali ya mtoto. Dukani zimebaki 1,200. Mkopo wa sako ule mkubwa ungali na safari ndefu.

Ofisi ya tawi itakuwa wazi kila Jumamosi, saa nane mchana mpaka saa kumi na moja. Leta karatasi za mshahara za miezi mitatu, na orodha ya madeni yote, na simu yako. Aliye na mume au mke aje naye. Chai ipo, sukari mje nayo.