Usisasishe kompyuta msimu wa korosho

Nilipotea kidogo, nimerudi na dukuduku.

Oktoba 2025 nilitoka Masasi alfajiri, nikapanda basi hadi Newala kufuatilia mnada wa korosho. Habari nikaipata. Laptop yangu ilikuwa kwa fundi, hivyo jioni nikaingia steshenari moja nichape kabla mhariri hajafunga kurasa. Dada wa pale akanionyesha skrini: "Inajisasisha tangu saa nane, kaka." Asilimia 37. Mara umeme ukakatika. Uliporudi, mashine ikagoma kuwaka.

Mimi niliisoma habari yangu kwa simu, yakaisha. Lakini kulikuwa na karani wa chama cha msingi, na orodha ya wakulima wanaosubiri malipo ilikuwa humo ndani, nakala nyingine hana. Ilipatikana siku ya nne, baada ya diski kupelekwa kwa fundi Masasi. Siku nne mkulima anaambiwa "njoo kesho" kwa sababu ya kompyuta!

Dada yule hakukosea kuogopa. Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Ila tarehe hiyo ilijulikana miaka kadhaa kabla, na huku kwetu Oktoba ndiyo msimu unafunguliwa. Tangu stakabadhi ghalani ianze Mtwara mwaka 2007, karatasi ndiyo pesa.

Wapo watakaosema, basi tusisasishe kabisa. Sikubaliani nao. Machi 2017 Microsoft ilitoa kiraka cha usalama. Mei 12 kirusi cha WannaCry kikavamia kompyuta ambazo hazikuwekwa kiraka hicho, kikavuruga hata hospitali za Uingereza. Lakini kukurupuka nako kuna gharama: Oktoba 2018 toleo jipya la Windows 10 lilifuta mafaili ya baadhi ya waliowahi kuliweka, hadi likasimamishwa.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Viraka vya usalama viwekwe ndani ya wiki, usiku, kazi ikiwa imeisha. Toleo jipya lisubiri mwezi au miwili, wengine waonje kwanza. Kagua pia kama mashine inalimudu: Windows 11 inadai chipu ya TPM 2.0, na mitumba mingi haina. Nakala iwe kwenye flashi kabla hujabofya chochote. Na kwa Newala na Masasi, kazi kubwa ifanyike Juni au Julai, watu wakiwa mashambani wanapulizia salfa na steshenari hazina foleni.

Mkulima wa huku hapulizii salfa siku ya kupeleka korosho ghalani. Anajua kila kazi ina mwezi wake. Sisi wenye digrii zetu tunabofya tu "ndiyo" popote inapojitokeza.

Mnasemaje wadau? Naomba kuwasilisha.