Ulienda Jangwa la Dubai. Dereva Wako Anaitwa Nani?

Wacha nianze na swali moja dogo. Wewe uliyeposti ile video ya Land Cruiser nyeupe ikiruka matuta ya mchanga mwekundu, kitambaa cha Kiarabu kichwani, miwani ya jua, muziki mzito chini yake: dereva wako anaitwa nani?

Jibu haraka. Usiende kuangalia simu.

Hujui. Na mimi sijui wangu anaitwa nani, ndiyo maana niko macho saa nane usiku nikiandika hii kitu.

Januari mwaka jana kampuni moja ya usafiri ilinipeleka Dubai siku tano, bure. Mimi ni mtu niliacha chuo mwaka wa pili. Nyumbani bado wananiuliza nitarudi lini. Kwa hivyo hiyo safari kwangu ilikuwa gredueshoni. Mkataba ulikuwa na kurasa mbili, na ukurasa wa pili ulikuwa orodha ya vitu ambavyo havifai kuonekana kwa video: foleni ya magari, maegesho, vikundi vingine vya wageni, na wafanyakazi, isipokuwa wakiwa wanatabasamu. Nilisaini kwa simu nikiwa ndani ya matatu. Hata sikusoma mara mbili.

Video ilikuwa ya sekunde 38 na iliwaka vibaya sana. Ndiyo ilinifungulia hii kazi. Leo nataka kuwaambia kile nilichokata.

Gari lilituchukua hotelini saa tisa mchana, wageni sita tusiojuana. Tukatoka mjini tukielekea Lahbab, kule kwenye mchanga mwekundu ambao kila mtu anaposti. Kabla ya kuingia jangwani, dereva alisimama akaanza kutoa upepo kwa magurudumu. Barabarani gurudumu linabeba kama psi 35. Pale alishusha hadi karibu 15, gurudumu lote manne, moja moja, akisikiliza. Gurudumu likilegea linatandaza tumbo, uzito unasambaa, gari halizami. Sisi tulikuwa tumeshuka kupiga selfi. Kuna msee alinifunga kitambaa kichwani kabla sijasema ndiyo, halafu akaniomba dirham. Dirham moja ni kama shilingi 35, ukitaka kujua vile moyo wangu ulipiga.

Halafu tukaingia. Na hapo, wasee, nilikuwa nimekaa kiti cha mbele kando ya mtu anayejua kazi kuliko mhadhiri yeyote aliyewahi kunifundisha. Aliniambia upande ambao upepo unavuma mchanga hushikana, na ule upande wa pili wa tuta, unaoporomoka, ni laini kama unga. Ukifika juu ya tuta bila kasi, gari linakwama na tumbo juu ya kilele. Ukifika na kasi sana, unaruka bila kujua upande wa pili kuna nini. Ukiteleza kwa ubavu, unapinduka. Na ramani haikusaidii, kwa sababu upepo wa usiku mmoja unaweza kubadilisha njia uliyopita jana. Yote hayo anayafanya huku nyuma watu watano wanapiga nduru na mmoja anatafuta mfuko wa kutapikia.

Ni mtu wa Pakistan. Miaka tisa kwa hiyo kazi. Ana watoto watatu, na yule mdogo amemuona ana kwa ana mara mbili. Nilirekodi hayo mazungumzo, dakika nne nzima, sauti safi. Wakati wa kuhariri nilikata zote nne. Kilichobaki ni mkono wake kwa usukani, sekunde ya kumi na moja. Nusu sekunde.

Huo ndio uongo wa kontenti ya jangwa. Hakuna mtu anayedanganya kwa mdomo. Unakata tu. Unakata dereva, unakata yule kijana Msudani aliyevuta kamba ya ngamia mizunguko ya dakika tatu tatu kuanzia alasiri, unakata wapishi na waosha sufuria. Mwisho unabaki na wewe, mchanga na jua linazama. Mtazamaji wa miaka 17 kule Umoja au Bamburi anaona mahali ambapo hakuna mtu anayefanya kazi. Paradiso ya kujiendesha yenyewe.

Hata utamaduni wenyewe tunaukata. Kambini tulitazama densi ya kutikisa kiuno na ile ya sketi inayozunguka na taa, tanoura. Mimi nikaandika "usiku wa Mabedui". Manze, hizo zote zinahusishwa na Misri. Densi ya watu wa huko inaitwa al-ayyala, wanaume mistari miwili na fimbo, mashairi na ngoma, na iko kwenye orodha ya urithi ya UNESCO tangu 2014. Kahawa chungu na tende, hiyo ndiyo ya kwao kabisa, lakini ilikuwa mlangoni na nikaipita nikitafuta chaja.

Na zile roboti ndogo zinazopanda ngamia wa mashindano kule Al Marmoom, ambazo kila mtu anaziposti na vikatuni vya kucheka? Uliza kwa nini zipo. Kabla ya 2005 waliokuwa wakipanda ni watoto wadogo kutoka nchi kama Pakistan, Bangladesh na Sudan, kwa sababu mtoto ni mwepesi. Falme za Kiarabu zikapiga marufuku, watoto wakarudishwa makwao, roboti zikaingia. Hiyo ni stori nzito, na ina mwisho mzuri kiasi. Sisi tumebakisha kicheko tu.

Kuna Muingereza anaitwa Wilfred Thesiger. Kati ya 1945 na 1950 alizunguka jangwa la kusini mwa Arabia, akavuka lile eneo kubwa la Rub' al Khali mara mbili kwa ngamia, na 1948 akafika Abu Dhabi. Baadaye alikuja kuishi Maralal, huku kwetu Samburu, miaka mingi. Wazee wengine wa huko wanamkumbuka. Huyo mzee alikuwa na mambo yake mengi ambayo siwezi kuyatetea. Lakini kitabu chake cha 1959 kuhusu hizo safari kimejaa majina ya waliomvusha: bin Kabina, bin Ghabaisha. Alijua bila wao hangejua kisima kiko wapi wala nyayo za ngamia ni za nani. Mzungu wa enzi za ukoloni, na kamera ya filamu, alirudi na majina. Mimi nilikuwa na simu ya 4K na nikarudi bila hata moja.

Na sisi Wakenya ndio tulipaswa kuwa wa kwanza kushtuka. Hilo neno wanaloliuza, safari, ni letu. Tulilitoa kwa Kiarabu, safar, tukalifanya la Kiswahili, Waingereza wakalichukua kwetu, na sasa limerudi Uarabuni likiwa limebandikwa bei. Limezunguka dunia nzima, na kila lilipopita liliacha mtu nje ya picha. Zaidi ya miaka mia tumekuwa nyuma ya picha za wengine. Moran anaruka, mgeni anarekodi, hakuna anayeuliza jina. Tunalijua hilo jambo kutoka ndani. Tunalalamika kila siku vile wageni wanaposti Mara kana kwamba hakuna mtu anaishi Narok. Halafu tukipata tu viza na kiti cha dirishani, ndani ya saa tano tu tumeshakuwa wao.

Utasema, "Bro, tulia, ni burudani tu." Sawa. Wacha nikuambie bei ya hiyo burudani.

Wiki mbili baada ya video, kijana wa miaka 19 aliniandikia inboksi. Amemaliza kidato cha nne, anaishi na shosho yake. Alisema kuna wakala amemwambia kambi za jangwani Dubai zinatafuta vijana, chakula na malazi juu, na anataka 120,000 za kushughulikia karatasi. Ataenda na viza ya matembezi kwanza, "kazi itapatikana akifika". Swali lake lilikuwa hili: "Wewe umefika huko. Ni kweli kuko hivyo?"

Unajua nilijibu nini? Emoji tatu za moto. Na neno moja: "Kabisa."

Sikuwa nimesoma vizuri. Nilikuwa na ujumbe mia mbili siku hiyo. Miezi mitatu baadaye akaniandikia tena. Shosho aliuza ng'ombe. Wakala hapatikani. Hakunilaumu hata kidogo, na hiyo ndiyo ilinimaliza. Alikuwa anauliza tu kama namjua mtu mwingine wa kuaminika.

Kwa hivyo wacha nijibu sasa, hadharani, lile swali nililopaswa kujibu siku ile. Kufanya kazi Dubai kwa viza ya matembezi ni kosa la sheria. Sheria ya kazi ya huko inakataza mwajiri kumtoza mfanyakazi gharama za kumwajiri, kwa hivyo mtu akikuitisha laki moja ya "kazi ya kambini", shtuka. Kuendesha wageni kwenye matuta si kazi ya kushuka ndege Jumatatu na kuanza Jumanne. Na hapa Kenya, Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira iko na orodha ya mawakala waliosajiliwa. Angalia jina kabla ya kutoa hata ndururu. Hiyo aya nzima ingetoshea chini ya video yangu. Haikuwepo kwa sababu ingeharibu mandhari.

Najua komenti zinazokuja. "Una wivu." Wivu wa nini, si nilienda? "Uliwakula bure, sasa unawatukana." Ndiyo, nilikula. Ndiyo maana nina haki ya kusema chakula kilikuwa na nini. "Hao madereva wanapata riziki kwa sababu yetu, ukituharibia wageni watakufa njaa." Hii ndiyo nzito zaidi, na nimeifikiria. Lakini mimi sisemi msiende. Nani amesema msiende? Dereva wangu anaipenda kazi yake, aliniambia mwenyewe, na iko kwenye zile dakika nne. Kumuonyesha hakumwondolei mgeni. Ningekuwa mgeni, ningemtafuta yeye hasa.

Ukweli ni kwamba toleo lisilokatwa ni tamu kuliko letu. Dubai ina hifadhi ya jangwa ya kilomita za mraba 225, ilianzishwa 2003, na ndani yake kuna choroa wa Arabia, mnyama mweupe mwenye pembe ndefu ambaye porini alikuwa ameisha kabisa kufikia 1972, akarudishwa kwa waliozaliwa kwenye uangalizi. Kuna mti unaitwa ghaf, unasimama kijani katikati ya mchanga kwa sababu mizizi imeenda chini makumi ya mita kutafuta maji. Asubuhi mapema mchanga umeandikwa nyayo za mijusi na mende kama daftari. Gari likipita ovyo nje ya njia linaponda hayo yote, mimea na mashimo ya wanyama. Lakini utembee na mtu anayejua kusoma hizo nyayo, usikilize. Hiyo sasa ndiyo adventcha. Hatuiposti kwa sababu inahitaji kunyamaza dakika kumi.

Kwa hivyo kwa wenzangu wa kontenti, haya ndiyo ninayodai, na mnishike nayo mimi pia:

Sema nani alilipa, mwanzoni mwa video, si kwa herufi za chungu pale mwisho.

Sema bei yote. Yule niliyekaa naye alilipa dirham 180 za safari, halafu 150 zaidi za pikipiki ya magurudumu manne kwa nusu saa. Kuna watu wanaenda huko na mkopo wa simu kwa sababu tulisema "ni bei poa".

Sema msimu. Januari nilivaa jaketi usiku. Kiangazi joto linapita nyuzi 40, na sheria ya huko inakataza kazi za nje juani kuanzia saa sita na nusu hadi saa tisa mchana, 15 Juni hadi 15 Septemba. Joto la kuandikiwa sheria si la kuita "vaibu ya jua".

Muulize dereva jina, muulize kama anataka kuonekana, na akikubali mwache aongee.

Na ukiulizwa kuhusu kazi, usijibu na emoji.

Ile video yangu sijaifuta. Kuifuta ingekuwa kukata tena. Nimebandika komenti juu kabisa inayosema yote haya, na wiki hii nitaposti zile dakika nne, uso wake nimeuficha kwa sababu sikumuomba ruhusa. Nimeiandikia kampuni ya magari, nimewatumia picha ya ule mkono kwa usukani, nikauliza ni wa nani.

Kama wewe uko huko sasa hivi, unavuta ngamia, unaosha sahani kambini, unaliona hilo jangwa kwa dirisha la nyumba ya bosi tu, hapa chini ni kwako. Andika jina lako likitaka kuandikwa. Wengine wote, leo tunasoma.