Mkulima asisubiri Agosti, mambo huamuliwa kwenye mchujo

DALILI za uchaguzi huonekana sokoni kabla ya kufika magazetini. Mwenye kibanda cha chai huanza kupokea wageni wanaolipia meza nzima. Fundi wa cherehani huulizwa bei ya sare za kikundi. Wanabodaboda hutiliwa mafuta siku ya soko ili wamsindikize mwaniaji fulani hadi uwanjani.

Uchaguzi Mkuu wa Kenya umepangiwa Agosti 10, 2027. Hata hivyo, mashinani vyama huanza kazi mapema zaidi. Husajili wanachama, huchagua viongozi wa matawi na kutafuta watu wa kupiga debe katika kila kijiji.

Wakulima wengi huyachukulia hayo kuwa mambo ya vijana wasio na shughuli. Wao husubiri Agosti. Hapo ndipo wanapokosea. Katika maeneo mengi, mwenye tiketi ya chama kinachopendwa huwa ameshinda kabla ya kura ya mwisho kupigwa. Anayesubiri Agosti ni kama mnunuzi anayefika sokoni jioni: hukuta kilichobaki, na bei imeshapangwa na wengine.

Suala hili linagusa mfuko wa mkulima moja kwa moja. Katiba ya mwaka 2010 ilizikabidhi kaunti kazi nyingi za kilimo na biashara ndogo: ukuzaji wa mimea na mifugo, masoko ya mifugo, vichinjio, udhibiti wa magonjwa ya mimea na wanyama, leseni za biashara, masoko na vyama vya ushirika. Ada ya kibanda na ushuru wa mazao hupitishwa katika bunge la kaunti, na wanaoupigia kura ni madiwani wa wadi. Nchi ina wadi 1,450. Lakini katika mikutano mingi wananchi humwomba mbunge awapunguzie ushuru wa soko, huku diwani akiulizwa tu kama ataleta hema kwenye matanga.

Mfano ni wakulima wa viazi wa Nyandarua na kwingineko. Kanuni za viazi za mwaka 2019 zinasema mfuko usizidi kilo 50. Licha ya hayo, mabroka wameendelea kununua kwa magunia yaliyoongezewa kilemba juu, yanayobeba kilo nyingi zaidi kwa bei ile ile ya gunia. Mkulima anayejaza kilo 100 na kulipwa kama gunia moja amempa broka mfuko mzima bure. Kanuni zipo, kinachokosekana ni usimamizi, na usimamizi huo kwa sehemu kubwa hutegemea maafisa wa kaunti. Diwani ndiye anayepaswa kumuuliza gavana maafisa hao wako wapi siku ya mavuno, na kama walitengewa pesa katika bajeti.

Sasa mkulima na apige hesabu. Tuseme kaunti imeongeza ushuru kwa Sh50 kwa kila gunia. Anayeuza magunia 40 kwa msimu, misimu miwili kwa mwaka, atakuwa ametoa Sh20,000 zaidi katika miaka mitano. Fedha hizo humtoka hata kama ushuru hulipwa na mnunuzi, kwani mnunuzi huukata kwenye bei ya shambani. Linganisha na noti ya Sh200 na leso aliyopewa kwenye kampeni. Kumbuka pia kwamba sheria ya makosa ya uchaguzi ya mwaka 2016 inawabana wote wawili, anayehonga na anayepokea.

Kuingia kwenye mchujo kuna masharti yake. Marekebisho ya sheria ya vyama vya kisiasa ya mwaka 2022 yaliruhusu vyama kuteua wagombeaji kwa njia mbili: kura ya wanachama wote au kura ya wajumbe. Katika njia ya kwanza, wanaopiga kura ni wale ambao majina yao yamo katika sajili ya chama. Mwaka 2021 Wakenya wengi walilalamika baada ya kugundua kuwa wamesajiliwa katika vyama wasivyovijua. Basi mkulima anayetaka sauti katika mchujo aanze kwa kukagua jina lake kupitia eCitizen. Akikuta kosa, ajiondoe na kujisajili anakotaka mapema, si wiki ya mwisho.

Wapo watakaosema kuwa mchujo una fujo, na kwamba vyama hutoa tiketi kwa wanaopendelewa na wakubwa. Malalamiko hayo yana msingi. Lakini njia ya wajumbe nayo ina mlango wake, kwa sababu mjumbe wa tawi si mgeni. Ni jirani, mteja wa duka, mwanachama wa ushirika huo huo wa maziwa. Wanachama 100 wa ushirika wakikubaliana maswali matatu na kumpelekea kila mwaniaji, ni vigumu kwa mjumbe huyo kujifanya hakusikia. Maswali yawe mafupi: ushuru wa gunia utakuwa kiasi gani? Nani atakagua mizani na magunia? Barabara ipi ya kwenda sokoni itatengenezwa mwaka wa kwanza? Majibu yaandikwe na kusomwa mkutanoni, ili yawepo siku ya kudaiwa.

Mfanyabiashara mdogo naye ajihadhari. Msimu wa kampeni huleta oda kubwa za chakula, fulana, hema, viti na magari ya kukodi. Oda ya mkopo ni hatari, kwa kuwa mwaniaji akishindwa kwenye mchujo simu huzimwa, na wasaidizi wake hutawanyika. Mtaji wa mama wa hoteli haupaswi kugeuka mchango wa kampeni. Adai malipo ya awali yanayotosha kununulia bidhaa, aandike makubaliano, na salio lilipwe kabla ya sufuria kuondoka jikoni.

Hakuna mkulima anayenunua mbegu baada ya mvua kunyesha. Huuliza mapema, hulinganisha, ndipo hutoa fedha zake. Diwani na mbunge nao wachaguliwe hivyo.