Kinyozi Hajinyoi: Turudishe Tamko la Arusha

Nchi ndogo haina manowari za kuwatisha wengine, wala haina hazina ya kuwanunua. Silaha yake katika mabaraza ya dunia ni neno lake, na uzito wa neno hilo hupimwa kwa gharama ambayo nchi yenyewe imekubali kuilipa. Tanzania imepata kusikilizwa kupita ukubwa wa mfuko wake. Ni wajibu wetu kuuliza heshima hiyo ilipatikana vipi, na itadumishwa vipi.

Barabara ya Morogoro, ipitayo hapa Ubungo, ni shahidi wa kwanza. Mnamo Novemba 11, 1965, walowezi wa Rhodesia wakiongozwa na Ian Smith walijitangazia uhuru ili kuendelea kuwatawala Waafrika walio wengi. Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliazimia kwamba Uingereza isipouzima uasi huo ifikapo Desemba 15, wanachama wavunje uhusiano nayo. Siku ilipofika, serikali nyingi zilitafuta udhuru. Tanzania ilitimiza ahadi, na mkopo wa pauni milioni 7.5 kutoka Uingereza ukazuiwa. Zambia, ambayo mafuta yake yalikuwa yakipitia Rhodesia, ilihitaji njia nyingine. Malori yakaanza kubeba mapipa kupita barabara hii, kwenye vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika, hadi bomba la TAZAMA lilipokamilika mwaka 1968.

Visiwani nako kuna ushahidi wake. Baada ya Muungano wa Aprili 26, 1964, Ujerumani ya Magharibi ilitutaka tuukatae uhusiano ambao Zanzibar ilikuwa imekwisha kuuanza na Ujerumani ya Mashariki. Tulipokataa kuamuliwa nani awe rafiki yetu, Bonn iliondoa msaada wake wa kijeshi mwaka 1965. Mwalimu Nyerere akajibu kwa kuikataa misaada yake mingine ya serikali. Mwananchi apitaye leo kwenye majumba ya Kikwajuni na Kilimani, yaliyojengwa kwa msaada wa Ujerumani ya Mashariki, anayaona mabaki ya msimamo ule.

Kisha ukaja usiku wa Oktoba 25, 1971, mjini New York. Kwa kura 76 dhidi ya 35, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliirudishia Jamhuri ya Watu wa China kiti chake. Kiongozi wa ujumbe wetu katika mapambano yale alikuwa mtoto wa Visiwani, Ndugu Salim Ahmed Salim, kijana wa miaka 29. Miaka kumi baadaye alipogombea Ukatibu Mkuu wa Umoja huo, Marekani ilimzuia kwa kura ya turufu. Hiyo nayo ilikuwa gharama.

Tukumbuke hoja iliyokuwa chini ya yote hayo. Makaburu wa Afrika Kusini walipoulizwa kuhusu ubaguzi, waliiambia dunia kuwa hayo ni mambo yao ya ndani. Tanzania ikajibu kwamba mwanadamu anapodhulumiwa na serikali yake, dhuluma hiyo haiwi siri ya nyumba. Kwa imani hiyo tuliihifadhi Dar es Salaam Kamati ya Ukombozi tangu mwaka 1963 hadi ilipomaliza kazi mwaka 1994. Kwa imani hiyo pia Arusha ilikubali kuwa makao ya Mahakama ya Kimataifa ya Mauaji ya Kimbari ya Rwanda, ambayo mwaka 1998 ilimtia hatiani Jean-Paul Akayesu, hukumu ya kwanza ya mahakama ya kimataifa kwa kosa la mauaji ya kimbari.

Basi hoja hiyo ina pande mbili. Hatuwezi kuitumia kwa Pretoria na kuikana Dodoma.

Tangu mwaka 2007 Arusha ni makao ya Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Itifaki iliyoiunda ilipitishwa Ouagadougou mwaka 1998, na Tanzania iliiridhia mwaka 2006. Lakini itifaki hiyo, katika Ibara ya 34(6), haimruhusu mwananchi au chama cha kiraia kuishtaki serikali moja kwa moja mpaka serikali hiyo iweke tamko la kukubali. Machi 2010 Tanzania iliweka tamko hilo, ikawa miongoni mwa nchi chache za Afrika zilizothubutu. Novemba 2019 ikaliondoa, na mwaka mmoja baadaye uondoaji huo ukaanza kutumika.

Matokeo yake ni haya. Mtu wa Ubungo hupanda basi asubuhi katika stendi ya Mbezi akalala Arusha. Atalipita jengo ambamo haki za Mwafrika husikilizwa, naye hana ruhusa ya kulifikisha shauri lake. Njia iliyobaki ya kuelekea huko ni kupitia Tume ya Afrika yenye makao Banjul, Gambia, upande wa pili wa bara. Mahakama ya Afrika Mashariki, nayo ya Arusha, iko wazi kwake, lakini kazi yake ni kuutafsiri Mkataba wa Jumuiya, haikuundwa kuwa mahakama ya haki za binadamu.

Kwa mtu wa Unguja na Pemba jambo hili lina uzito wa ziada. Mambo ya Nje ni ya Muungano. Katiba ya Zanzibar ya mwaka 1984 inazitaja haki zake, lakini Zanzibar yenyewe haiwezi kuweka tamko Arusha. Mlango ule ukifungwa Bara, umefungwa na Visiwani. Ukifunguliwa, umefunguliwa kwa wote.

Tunazijua hoja za waliotetea kuondolewa kwa tamko. Husemwa kwamba mashauri mengi mno yalitoka Tanzania. Ni kweli kwamba hakuna nchi iliyoshtakiwa hapo mara nyingi kuliko yetu, na wengi wa walalamikaji walikuwa wafungwa. Lakini mfungwa anayelalamika kwamba alihukumiwa bila wakili anatuonyesha mahali panapohitaji kutengenezwa. Mgonjwa hapunguzi homa kwa kuvunja kipimajoto.

Husemwa pia kwamba mahakama ile iliingilia uhuru wa taifa. Mwaka 2013, katika shauri la Mchungaji Christopher Mtikila na wenzake, iliamua kwamba kumzuia mgombea binafsi ni kuvunja Mkataba wa Afrika. Novemba 28, 2019, katika shauri la Ally Rajabu na wenzake, iliamua kwamba sheria inayomlazimisha jaji kutoa hukumu ya kifo, bila kumwachia nafasi ya kupima mazingira, inavunja haki ya kuishi. Mtu aweza kuyapinga maamuzi hayo kwa hoja. Lakini Mkataba ule hatukuandikiwa na mkoloni. Ni Waafrika walioutunga na sisi ndio tuliotia saini. Kutimiza ahadi uliyoitoa kwa hiari ni matumizi ya uhuru, hakuupunguzi.

Na wengine watasema kwamba Rwanda ilijiondoa mwaka 2016, na Benin na Côte d'Ivoire mwaka 2020. Desemba 1965 pia wengi walisita. Hatukujifunza msimamo kwa waliosita.

Tunayasema haya tukiwa wana wa Chama na Serikali hii, si watazamaji wa mbali. Tunakumbuka Januari 2001, maandamano yalipoishia kwa mauaji Pemba na Unguja, na wananchi wetu zaidi ya elfu mbili wakavuka bahari kwenda Shimoni, Kenya. Nchi iliyozoea kupokea wakimbizi ikawa imetoa wakimbizi. Yalihitajika Muafaka wa Oktoba mwaka huo na kura ya maoni ya Julai 2010 ili Visiwa vipate serikali ya umoja. Tunakumbuka pia Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu na siku zilizofuata, damu ilipomwagika Dar es Salaam na katika miji mingine. Novemba Rais aliunda tume ya uchunguzi chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman. Tume ni jambo la lazima, lakini familia iliyofiwa yastahili pia kuwa na baraza la kukata rufaa ambalo halikuundwa na upande wowote wa mzozo. Wahenga walisema kinyozi hajinyoi. Serikali iliyo bora kuliko zote haiwezi kuwa mlalamikiwa na jaji kwa wakati mmoja.

Kwa hiyo twaitaka Serikali ifanye mambo matatu. Kwanza, iliweke tena tamko la Ibara ya 34(6). Pili, itoe taarifa Bungeni na katika Baraza la Wawakilishi ikieleza hukumu zipi za Arusha zimetekelezwa, zipi bado, na kwa sababu gani. Tatu, iwawezeshe wafungwa kupata mawakili mapema, ili mashauri yamalizike haki nyumbani kabla ya kufika Arusha. Hilo la tatu litapunguza mashauri kwa njia ya heshima.

Maofisa wetu wanaopanda majukwaa ya Addis Ababa, Geneva na New York kutetea amani na haki watazungumza kwa sauti kavu iwapo mwenyeji wa mahakama amewafungia watu wake mlango wa mahakama hiyo. Mwaka 1965 tulilipa pauni milioni 7.5 ili neno letu liaminike. Tunachodaiwa sasa ni saini moja.