Mla Asali Asiusahau Msitu

Fuata nyuki ule asali, walisema wazee. Siku hizi wengi wetu tunataka kula asali pasipo kumfuata nyuki. Tunaikuta sokoni, tunauliza bei, tunaomba tupunguziwe, tunaondoka na chupa. Imetoka msitu gani, imerinwa vipi, na nyuki wameachiwa nini, hayo hatuyaulizi. Ndugu msomaji, makala haya yanakuomba uyaulize, kwa sababu fedha ya mnunuzi ndiyo inayomlipa mlinzi wa msitu, na ndiyo hiyohiyo inayomlipa mharibifu.

Chukua mfano wa Tabora, kwenye pori la miombo. Miti ya mtundu na muba inapochanua, nyuki hukusanya mbochi, huipeleka mzingani, na huipunguza maji kwa kuipepea kwa mbawa. Ikishakolea, huziba kila tundu la sega kwa nta. Nta hiyo ni tangazo kwamba asali imeiva. Mrina mwenye adabu huwatuliza nyuki kwa moshi wa bomba, hukata masega yaliyozibwa tu, huacha yenye majana, na huwabakizia wenyeji akiba ya kutosha. Kisha huchuja kwa kitambaa safi ndani ya ndoo yenye mfuniko. Hakuna sufuria, hakuna jiko. Hiyo ndiyo asali mbichi ya maua ya porini.

Mrina mwenye pupa huwasha mwenge wa nyasi, huunguza nyuki, na hukamua masega mabivu na mabichi pamoja na majana yake. Cheche zikianguka penye majani makavu, pori linawaka. Na asali aliyoipata haidumu: maji yakizidi asilimia 20, huelekea kuumuka na kuchacha. Ndipo inapopelekwa jikoni ichemshwe, au iongezwe shira ya sukari ili ijaze madebe. Harufu ya maua inatoka na mvuke, vimeng'enya vinaharibika, na mteja anabaki na utamu mtupu.

Uko uharibifu mwingine usiosemwa sana. Mzinga wa gome hutengenezwa kwa kuubandua mti ganda lake kuuzunguka shina, na mti uliovuliwa hivyo hufa. Mara nyingi mti huo ni mtundu au muba, yaani ghala lenyewe la nyuki! Ongeza kuni za kukaushia tumbaku, ongeza mkaa, na utaona kwa nini mfugaji anayetundika mizinga ya masanduku na kuwafukuza wakata miti anastahili bei iliyo bora kuliko ya jirani yake anayebandua magome.

Mtu atasema: asali ya namna hiyo ni ghali. Ni kweli. Lakini ya rahisi nayo ina gharama, ila hulipwa na wengine: mwanakijiji ambaye chemchemi yake imekauka baada ya miti kwisha, na mkulima wa alizeti anayewakosa nyuki wa kuchavusha shamba lake.

Mwingine atasema: nitaijuaje? Asikudanganye mtu kwa njiti ya kiberiti iliyochovywa wala tone lililodondoshwa ndani ya glasi ya maji. Majaribio hayo hayathibitishi kitu. Wala usiikimbie asali iliyoganda. Kuganda ni tabia ya sukari zake za asili, na chupa ikiwekwa katika maji ya uvuguvugu asali itayeyuka tena. Ogopa zaidi ile yenye povu na harufu ya uchachu. Njia iliyo bora ni kumjua anayekuuzia, naye amjue aliyerina.

Basi warina, acheni mwenge, shikeni bomba la moshi. Acheni gome, tundikeni masanduku. Viongozi wa vijiji, Sheria ya Ufugaji Nyuki ya Tanzania ipo tangu mwaka 2002. Hifadhi za nyuki zipimwe na zilindwe, zisibaki maneno ya mikutano. Wafanyabiashara, msichanganye asali ya mrina mwangalifu na ya mchoma pori katika pipa moja, kwani hapo mnamfundisha yule mwangalifu kwamba jasho lake ni bure. Nanyi wazazi, jueni kwamba asali haimfai kila mtu: mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asilambishwe asali yoyote, hata iliyochemshwa, kwa kuwa inaweza kubeba mbegu za kijidudu kinacholegeza misuli na kuzuia pumzi.

Nasi wanunuzi tuna wajibu wetu. Utakapokwenda sokoni, muulize muuzaji maswali matatu: asali hii ni ya pori gani, mzinga wake ni wa nini, na je, imepikwa? Akijibu bila kubabaika, mlipe anachostahili na umrudie msimu ujao. Akibabaika, mrudishie chupa yake.