Msitufanye Udhuru wa Petroli



Familia ya Ulaya inayotaka kubadili gari siku hizi husimama mbele ya magari mawili. La kwanza ni gari dogo la umeme, lililoinuka kidogo kutoka chini kwa mtindo wa jipu, lenye viti vitano na nafasi ya mizigo isiyotosha sana. La pili ni gari kubwa la familia linalokunywa petroli, au esansi kama tunavyosema sisi. Hilo lina nafasi ya watoto, ya bibi na ya masanduku, wala halimngojeshi mtu lipate chaji. Ndugu zetu walioko Brussels na Paris wamo katika shauri hilo hilo. Lisingetuhusu sana kama jina letu lisingetajwa ndani yake. Lakini hutajwa. Mwenye kupenda petroli, akiishiwa na hoja nyingine, husema kwa sauti ya huruma: "Siwezi kununua gari la umeme, kwa sababu ya watoto wa Kongo wanaochimba kobalti."

Sisi tunaoishi juu ya hiyo kobalti tunaikataa hoja hiyo.

Hatusemi kwamba jambo analolitaja ni uzushi. Zaidi ya asilimia 70 ya kobalti inayochimbwa duniani hutoka katika nchi yetu, na karibu yote hutoka Lualaba na Haut-Katanga. Sehemu kubwa hutolewa na makampuni yenye mitambo, na sehemu nyingine hutolewa na wachimbaji wa mikono. Kule Kasulo, mtaa wa Kolwezi, watu walianza mwaka 2014 kuchimba mashimo ndani ya nyua zao na hata chini ya sakafu za nyumba zao. Mashimo hubomoka. Wanawake huosha mawe mtoni tangu asubuhi, na watoto wamekuwamo kazini humo. Shirika la Amnesty International lililiandika hilo mwaka 2016, nasi tulilijua kabla halijaandikwa. Anayetuambia kwamba mateso hayo yapo hatuambii jipya. Tunachomuuliza ni kwa nini mateso hayo yamemfikisha, kila mara, kwenye pampu ya petroli.

Kwa maana mtu huyo huyo ana simu mfukoni. Betri ya simu nayo kwa kawaida ina kobalti, gramu chache, na kila baada ya miaka michache huinunua nyingine. Ana kompyuta ya kubebwa, ana nyingine ya mtoto. Hapo machozi hayakutoka. Zaidi ya hayo, petroli yenyewe haikupita mbali na kobalti: viwanda vya kusafisha mafuta huitumia pamoja na molibdeni ili kuondoa salfa. Ni kiasi kidogo, na hutumika muda mrefu kabla ya kubadilishwa, hatutaki kulikuza jambo. Lakini anayejitangaza kuwa amenawa mikono yake katika petroli ajue kwamba hata maji hayo yana vumbi letu.

Na je, mafuta huchimbwa bila watu? Huko Muanda, kwenye bahari ya Atlantiki, visima vya mafuta vya nchi yetu vinafanya kazi tangu miaka ya 1970, na aliyefika huko hawezi kutuambia kwamba mafuta yamewafanya wavuvi kuwa matajiri. Mwezi wa Julai 2022 serikali ilitangaza mnada wa vitalu 27 vya mafuta na 3 vya gesi, baadhi yake vikigusa Hifadhi ya Virunga na vinamasi vya bonde la Kongo. Mnada wa mafuta ulifutwa mwaka 2024, na mwaka uliofuata vitalu vingine vikafunguliwa. Anayechagua petroli kwa ajili yetu anasukuma visima viende Virunga. Hilo nalo ni kwa ajili yetu?

Tupige hesabu kidogo, maana huruma isiyohesabu hudanganywa upesi. Gari kubwa la familia likila lita 8 kwa kila kilomita 100, na likienda kilomita 15,000 kwa mwaka, litaunguza lita 1,200. Kila lita ya petroli ikiungua hutoa yapata kilo 2.3 za hewa ya kaboni. Hizo ni karibu tani 2.8 kwa mwaka mmoja, na kwa miaka kumi lita 12,000 zimekwisha kwenda hewani, wala hakuna awezaye kuziokota. Gari la umeme huanza na deni, kwa sababu kutengeneza betri kunachafua hewa sana. Deni hilo hulipwa barabarani, upesi au polepole, kulingana na jinsi nchi inavyozalisha umeme wake. Lakini kobalti iliyomo betrini, kilo kadhaa, haiungui. Gari likizeeka bado imo, na inaweza kutolewa na kutumika tena.

Sasa tuwageukie na wale wa upande wa pili, maana nao wanatuuzia kitu. Wao husema "gari safi". Hivi karibuni wamepata neno lingine, "betri isiyo na kobalti", na hilo ni kweli kwa sehemu: betri za chuma na fosfati hazina kobalti wala nikeli, na magari mengi madogo yanazitumia. Volvo EX30, kwa mfano, huuzwa kwa namna mbili: yenye betri ndogo ni ya chuma na fosfati, na yenye betri kubwa ina nikeli na kobalti. Basi mnunuzi hupumua, akidhani ametoka Kongo salama. Hakutoka. Shaba iliyomo katika gari la umeme ni yapata mara tatu ya ile ya gari la petroli, na Kongo sasa ni ya pili duniani kwa kuchimba shaba, baada ya Chile. Shaba na kobalti kwetu hutoka katika shimo moja.

Katika mfano wa Msamaria mwema, kuhani na Mlawi hawakumpiga yule mtu. Walipita tu upande mwingine wa njia. Kuikwepa kobalti yetu ni kupita upande mwingine wa njia: mchimbaji anabaki palepale, ila sasa hana hata wa kumuuzia. Tumeliona hilo. Bei ya kobalti ilipoporomoka, hadi serikali ikasimamisha kuiuza nje mwezi wa Februari 2025 na baadaye ikaweka viwango vya mauzo, hatukuona watoto wakirudi shuleni kwa sababu dunia imepunguza hamu. Mzazi aliyekuwa akilipwa kidogo alilipwa kidogo zaidi, na karo ni ile ile.

Ndiyo maana tunasema: nunueni, lakini nunueni kidogo na mlipe haki. Katika shauri lote hili neno "dogo" lina uzito kuliko neno "umeme". Betri ya kilowati-saa 50 inadai madini nusu ya betri ya kilowati-saa 100. Baba wa watoto wawili anayenunua jipu kubwa la umeme lenye uzito wa tani mbili na nusu, kisha akajiita rafiki wa viumbe, hatuoni amemshinda nini jirani yake. Kwa familia yenye watoto sita, tunakiri, gari dogo halitoshi, na hatutawaambia wamwache bibi nyumbani. Lakini wengi wanaonunua viti saba hukalia vitatu.

Na haki ina mahali pa kudaiwa. Umoja wa Ulaya ulitunga mwaka 2023 sheria ya betri, inayowalazimu wauzaji kuchunguza madini yametoka wapi na yamechimbwaje. Uchunguzi huo ulipaswa kuanza Agosti 2025. Ukaahirishwa hadi Agosti 2027. Wako wapi, siku ile ya kuahirisha, wale wote wanaolia kwa ajili ya watoto wa Kolwezi? Hatukusikia honi hata moja.

Mtatuuliza: na ninyi, mngenunua lipi? Lubumbashi, leo, mwenye uwezo hununua Toyota ya petroli iliyotumika, iliyopita Dar es Salaam na kuvuka Kasumbalesa, na hatumlaumu. Gari la umeme linataka umeme. Tangu mwanzo wa miaka ya 1980 nguvu ya Inga husafiri yapata kilomita 1,700 hadi Kolwezi ili kuendesha migodi, ikipita juu ya vijiji ambavyo usiku huwasha vibatari. Madini ya kulifanya gari la Brussels litembee bila moshi yanatolewa chini ya waya ambao mwanafunzi wa kijijini hawezi kuusomea. Anayetafuta jambo la kulilia alie hilo, kisha alipeleke kwa wabunge wake na wetu.

Kwa hiyo, vijana, kaka au shangazi akiwaandikia kutoka Ulaya kwamba ameacha gari la umeme kwa ajili yenu, msimshukuru. Mwambieni arudi dukani aulize betri ni ya aina gani, ni ya kilowati-saa ngapi, na shaba na kobalti yake vimenunuliwa kwa nani. Muuzaji atasema hajui. Basi amwombe ampigie simu mwenye kiwanda, naye aketi pale pale angoje jibu.